Gia ya Tatu ya Mjomba

Mtaa mzima ulimwita Fundi Bobini, naye jina hilo hakulikataa. Alikuwa mwanamke wa makamo, mabega mapana, mwenye kibanda cha kutengenezea vyerehani kati ya duka la rangi na kinyozi. Cherehani kikigoma, kikikata uzi au kikiruka mshono, watu walimpelekea yeye, na kabla hajakigusa alikisikiliza kwanza.

Pikipiki ilikuwa ya mjomba wake. Mzee huyo alikuwa tarishi wa posta, akipeleka barua na vifurushi kwa pikipiki hiyo mpaka alipostaafu, na ndiye aliyemlea Fundi Bobini baada ya baba yake kufariki. Goti la Mjomba lilipoharibika, pikipiki ilisukumwa uani ikafunikwa turubai, kuku wakataga juu ya kiti. Giaboksi ilishika ikawa kama jiwe.

"Wape watu wa vyuma chakavu," Mjomba alisema. "Mimi na yeye tumeshamaliza kazi."

Lakini aliposema hivyo alitazama pembeni, na Fundi Bobini akaona. Siku hiyohiyo akavuta turubai. Akaifungua giaboksi, akaosha kila kipande kwa mafuta ya taa kwenye beseni la kufulia, akabadilisha beringi, akafunga upya. Alipokaza boliti ya mwisho alijua kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza.

Injini iliwaka vizuri tu. Alipokanyaga gia ya kwanza ukatoka mlio kama sufuria iliyoanguka sakafuni, na pikipiki ikaruka mbele ilhali ameibana klachi mpaka mwisho. Nyutro nayo, pale ambapo hakuna gia iliyoshika, ilimchezea kombolela. Akiitafuta, mguu unaipita. Akajikaza akatoka nayo barabarani. Ya kwanza ikashika, ya pili ikashika. Ya tatu, alipofika mlimani na kuongeza moto, ikachomoka yenyewe. Injini ikapiga kelele za bure, pikipiki ikaanza kurudi nyuma.

Akaisukuma hadi nyumbani, jasho likimtiririka, akapita mbele ya fundi pikipiki wa jirani ambaye watu walimwita Spana Kumi na Tatu.

"Dada, hicho si cherehani," jamaa alisema, bila ubaya. "Meno ya gia yamelika, na za pikipiki ya zamani hivyo huzipati tena. Ipumzishe."

"Asante, kaka. Ikichoka itaniambia," akajibu, akaendelea kusukuma.

Katika vyerehani alikuwa na kanuni moja: usipasue tumbo la mashine kabla hujaangalia uzi na sindano. Kwa hiyo alianza na vya nje. Akakuta waya wa klachi umelegea. Mkono ulivuta, lakini klachi haikuachia yote. Akaukaza, akabakiza ulegevu kidogo tu. Ule mlio ukaisha, na nyutro ikapatikana. Shida mbili, dawa moja. Moyo ukamrudi.

Lakini ya tatu ikaendelea kuchomoka. Akatazama kama pedeli ya gia inakwama mahali, haikwami. Akabadilisha springi ndogo inayoizuia gia isitoke kwenye nafasi yake, wapi. Akarudi kutoka mlimani akisukuma tena. Safari hii Spana Kumi na Tatu akaja akashika nyuma wakasukuma wote. Huruma ile ilimuuma kuliko maneno yake ya kwanza.

Mjomba alikuwa ameketi mlangoni, mguu ameunyoosha juu ya kigoda. "Mwanangu, chuma kimezeeka. Kiachie."

"Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mashine haina kiburi, Mjomba. Ikikataa, ina sababu."

"Nilisema hivyo mimi?"

"Ulisema. Basi niache niitafute hiyo sababu."

Mzee akacheka mpaka akakohoa.

Akaipasua giaboksi upya. Ndani yake, uma wa chuma huisukuma gia moja mpaka meno yake ya ubavuni yazame kwenye matundu ya mwenzake. Akayapapasa meno hayo kwa kidole. Kingo zilikuwa bado kali. Hayajalika. Sasa yanazama kiasi gani? Akafikiri kidogo, akaingia chumbani, akarudi na rangi yake ya mdomo. Akayapaka meno rangi nyekundu, akaingiza gia ya tatu kwa mkono, akazungusha shafti, akachomoa.

Mjomba akanyoosha shingo. "Leo gia zinaolewa?"

"Zinaposwa tu, Mjomba. Bado hazijakubaliana."

Rangi ilifutika nchani tu, kwingine kote wekundu umebaki vilevile. Meno yalikuwa yanagusana bila kuzama. Uma haukuifikisha gia mahali pake. Akazitoa uma zote mbili za mle ndani, zinafanana kama mapacha, akazilaza juu ya kioo. Mmoja ukalala sawasawa. Mwingine ukainama ubavu kidogo, na si kwa kupinda, ndivyo ulivyoundwa. Mara ya kwanza alikuwa ameziosha pamoja kwenye beseni moja, akazirudisha kwa kukisia, kila mmoja mahali pa mwenzake. Akajisonya mwenyewe.

Akazibadilisha nafasi, akapaka rangi tena, akazungusha. Safari hii rangi ilifutika mpaka kwenye mashina ya meno.

Mlimani aliongeza moto makusudi. Ya tatu ikang'ang'ania. Akapunguza, akaongeza kwa ghafla, ikang'ang'ania vilevile. Alipofika juu akaingiza ya nne, akajikuta anaimba bila maneno. Aliporudi, Spana Kumi na Tatu alikuwa amesimama barabarani akimsubiri.

"Ilikuwa nini?"

"Uma. Nilizipishanisha."

"Mimi ningezitupa zile gia," jamaa akakiri, akamshika mkono.

Asubuhi iliyofuata alimkuta Mjomba uani, amevaa koti lake la kazini, anataka kwenda kumsalimia dada yake, mama yake Fundi Bobini, kule ng'ambo ya mlima.

"Shikamoo, Mjomba. Lakini giaboksi bado inavuja oili kidogo."

"Marahaba. Hata mimi navuja siku hizi, na bado mnanitembeza."

Akampandisha nyuma taratibu kwa sababu ya lile goti. Walipoanza kuukwea mlima, akahisi vidole vya ule mguu wa Mjomba usiouma vikikanyaga pembeni mwa mguu wake, kila Fundi Bobini alipobadilisha gia, sambamba naye.