Siku Mama Mkwe Alipong'oa Maua ya Jiji

Mpaka leo basi likipita pale mimi nageuza uso upande wa pili, naangalia hata matairi ya magari, mradi nisiyaone yale maua. Nawasimulia nyinyi kwa sababu ni watu wangu, na kwa sababu najua binti yangu Neema ameshaanza kuwasimulia watoto wenu, kwa hiyo bora mlisikie jambo lenyewe kwangu.

Mnajua mume wangu Dieudo ni Mkongomani wa Uvira, mimi Mrundi niliyekulia kambini Tanzania. Mama yake anakaa Hilliard, kule Columbus, hukuhuku Marekani, kwa mwanawe mkubwa, na kwa miaka tisa ya ndoa yetu hakuwahi kuniita mwanangu. Mimi nilikuwa "bibi ya Dieudo", yaani mke wake kwa lugha yao, kama anwani kwenye bahasha. Iliniuma, sitaficha. Sasa yule mama amelima tangu utoto, mwanamke asiyeshika jembe hamhesabu, basi majira yote ya baridi mimi kwenye simu ni kujisifu tu: mama, nina bustani huku Louisville, kubwa, nzuri, ukija utaiona. (Nilikuwa na kipande cha tope nyuma ya nyumba, hapo mtaani Beechmont, na vigingi viwili vya nyanya zilizokufa mwaka juzi.)

Aprili akaja. Siku moja tu, kesho yake arudi. Dieudo yuko kazini ghalani, zamu ya mchana, na mimi nikawaza, nitamwonyesha nini huyu? Ndipo akili ikanituma nimpeleke kwenye ile bustani kubwa ya jiji, ashibe macho, asahau ya kwangu. Nikavaa gauni langu jeupe la kanisani, tukapanda basi, mimi na yeye na Neema.

Jamani, siku ile palikuwa pazuri! Mvua imekatika usiku, miti imevaa maua ya rangi ya waridi hadi kwenye shina, na katikati kuna matuta ya maua ya tulipu, nyekundu, njano, zambarau, yamenyooka mstari kwa mstari. Mama akasimama. Akashika kiuno. Nikamwona kwa mara ya kwanza ananiangalia vizuri.

"Donc, bibi ya Dieudo," akasema, "hii ndiyo jardin ulikuwa unaniambia?"

Hapo ndipo ningesema hapana mama, hii ni ya jiji. Maneno machache tu. Lakini lile jicho lake lilikuwa tamu, na mdomo wangu ukajibu wenyewe: "Ndiyo mama. Ni yetu." (Si ni ya wakazi wote? Nilijitetea hivyo moyoni.)

Nikatoa simu haraka nimpige picha kabla hajauliza la pili. Nikarudi nyuma, yeye akasogea tutani, nami niko bize na kioo cha simu, jua linanipiga machoni, nikamsikia anauliza, "Nitoshe hapa?"

Mimi wa Tanzania nikaelewa anauliza kama anatosha kwenye picha. Nikamjibu kwa furaha, "Ee mama, tosha! Hapo unatosha kabisa!"

Wenzangu, kwa Wakongomani kutosha ni kutoa. Kung'oa. Na kwao mgeni akipita shambani kwako, anaondoka na mbegu au miche, ndiyo heshima ya mwenye shamba. Mama alikuwa anaomba ruhusa, na mimi nimempa, tena kwa kupiga kelele.

Kwenye simu nikaona mgongo tu. Nikadhani anafunga kiatu. Kushusha simu, mama wa watu ameinama, vidole vimezama ardhini, anavuta tulipu moja moja na kitunguu chake cha chini, anakung'uta udongo, anapanga kwenye kitenge. Saba tayari! Palikuwa na wachumba wanapigwa picha za harusi pembeni, wakaganda hapo hapo, na mpiga picha wao akageuza kamera kwetu. Mtunza bustani, mama wa Kizungu mwenye glavu, anakuja mbio akipunga mikono.

Neema akalia kwa sauti, "Mom! Grandma is stealing!"

Mama hajui Kiingereza kingi, lakini lile neno analijua. Akainuka polepole na maua mkononi, akaniangalia. "Mutoto anasema miye ni mwizi? Nilikuuliza nitoshe, ukasema tosha!"

Nikasema mbele ya watu wote, "Mama, umeuliza vizuri. Mimi ndiye mwongo. Bustani si yangu, ni ya jiji, sina bustani, nina tope." Machozi yakanitoka hapo hapo, na yule mtunza bustani hajui hata tunasema nini.

Mama akapiga magoti, akaanza kurudisha maua, kila moja kwenye shimo lake, nyekundu kwa nyekundu. "Na wewe," akaniambia bila kugeuka, "piga magoti." Nikapiga, na gauni langu jeupe. Nikamweleza mtunza bustani kwa Kiingereza. Akamtazama mama anavyoshindilia udongo, hasira zikampungua, akaleta sepeto dogo, akatuambia tusirudie tena. Wale wachumba wakapiga makofi, na hayo makofi yaliniumiza kuliko yote.

Kwenye basi mama anakwangua udongo kwenye kucha, kituo baada ya kituo. Mimi natunga namna ya kumwambia Dieudo kwamba mama yake hatakanyaga tena kwetu. Mara akauliza, "Bon. Ile tope yako iko wapi?"

Nikampeleka. Akaivua saa yake, akaomba jembe. Hakurudi kesho yake. Alikaa siku nne, tukalima mpaka mikono yangu ikatoka malengelenge. Na mimi naapa mbele yenu, mtu akisifia kitu kisicho changu, nitamtajia mwenye kitu palepale kabla hajamaliza sentensi.

Siku ya pili nilimsikia dirishani anaongea na dada yake kwenye simu. "Niko Louisville, kwa mutoto yangu. Hapana, si Dieudo, bibi yake. Kulima hajue," akacheka, "na kudanganya pia hajue."