Filamu ya Mtani Wangu Wameikata Vicheko

Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu, basi. Duka la mabati na saruji nililonalo hapa Nachingwea nimelipata kwa mgongo huu, kwa kubeba magunia ya korosho mpaka nikabaki nachechemea. Kwa hiyo siogopi kusema kwamba wasomi waliotengeneza filamu ya mpiga gitaa wetu wamekosea.

Sisemi wamemsingizia ulevi. Alikunywa. Mabibo yakiiva, uraka, pombe ya mabibo hayo, ndio chai yake ya asubuhi. Msimu ukiisha anahamia kwenye gongo, mpaka vidole vikawa vinatetemeka kabla hajagusa nyuzi. Pombe ndiyo iliyomuua, na sisi ndio tuliomzika.

Lakini filamu nzima ni chupa, kinanda cha huzuni, chupa tena. Yuko wapi yule kijana wa Nambilanje aliyefunga waya wa breki ya baiskeli kwenye gitaa, likalia vizuri kuliko la dukani? Siku ya Idi dansi la mchana, tukiliita bugi, lilianza jua likiwa kali. Nilikuwa na suruali moja tu ya bugaluu, naipiga pasi kwa kuilalia chini ya godoro. Yeye akiniona tu anasimamisha wimbo.

"Wayao mnacheza kama mnafukia mbegu za ufuta."

"Piga gitaa wewe Mmwera, hatukukuita kuhubiri."

Watu wanacheka, wimbo unaendelea. Vumbi la ukumbi ule nalisikia puani mpaka leo.

Alipofariki, nilifanya kazi ya mtani. Watani wenzangu walichimba kaburi na kuchota maji. Mimi nilivaa koti lake, nikashika mchi kama gitaa, nikapepesuka mbele ya akina mama waliokaa mkekani. "Nipeni kikombe, nimekufa na kiu!" Dada yake, aliyekuwa hajala tangu jana yake, alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akalia vizuri, kisha akala ugali. Ndiyo kazi ya mtani msibani.

Mtu alirekodi video kwa simu, na hao wa filamu wakaipata. Sauti za vicheko wakazifuta. Wakaweka kinanda chao na mtu anayesema kwa huzuni kwamba hata siku ya maziko, walevi wenzake walimdhihaki. Mimi mlevi! Mimi ambaye uraka sijauonja.

Ningewapuuza, ila binti yake aliiona. Ni mtoto wake wa pekee, kakulia Dar es Salaam kwa mama yake, na siku ya maziko alikuwa hospitali anajifungua. Akanipigia.

"Mzee, yule mwenye koti ni wewe?"

"Ni mimi."

"Basi kwenye hitima ya mwaka msinisubiri. Siwezi kukaa na watu waliomcheka baba yangu."

Akakata. Shangazi yake alipopata habari alikaa chini palepale. Kaka kaondoka, na sasa damu yake iliyobaki inakataa kukanyaga Nambilanje. Mimi utani nimeukuta, sijui unaelezwaje kwenye simu. Nikamwambia shangazi mtu, mtumie ile video yote, isiyokatwa, umo na wewe unacheka.

Akaituma. Siku ya hitima binti alishuka kwenye gari la Ruangwa, mtoto mgongoni, hana salamu na mimi. Alisoma dua na wenzake. Wali ulipoliwa, akaja kusimama mbele yangu.

"Shangazi kaniambia mtani wa baba ni mtani wangu."

"Ndivyo ilivyo."

"Kwa hiyo ukifa, koti lako navaa mimi?"

"Ukiliweza. Ni la mtu mwenye mali."

Akamkabidhi shangazi mtoto. Akatunisha tumbo, akaanza kutembea uani kama mimi, anachechemea, anapangusa jasho la bure, na kutangaza, "Nimesoma darasa la tatu, lakini mabati yote ya Nachingwea ni yangu!"

Watu walianguka kwa kucheka.

"Anachechemea mguu wa kushoto, siyo huo," shangazi akamsahihisha.

Akabadilisha mguu, akarudia tangu mwanzo.