Bastola Kiunoni, na Mimi Ndiye Ninayeswalisha

Msimamizi, nifichie jina, na jengo tunaloswalia usilitaje pia. Wachache wa Johannesburg watakaonitambua, naomba wanisitiri.

Nina miaka sitini na nne, Mtanzania wa Tanga. Nyumbani nilifundisha jiografia sekondari. Hapa nauza kanzu, kofia na manukato Marshalltown, na naishi La Rochelle na mke wangu. Juu ya duka langu kuna chumba tulichokifanya mahali pa kuswalia. Adhuhuri na Alasiri wafanyabiashara wa mtaani hupanda, na kwa miaka mingi mimi ndiye ninayewaswalisha.

Mwaka juzi nilivamiwa nikifunga duka. Waliniwekea kisu shingoni, wakachukua simu na saa niliyopewa na wanafunzi wangu nilipoaga shule. Sikuumia, ila tangu siku ile mke wangu hakai kitako mpaka asikie ufunguo wangu mlangoni. Yeye ndiye aliyenisukuma nitafute kibali cha silaha. Kwa kuwa nina ukaazi wa kudumu, nilifanya mafunzo, nikasubiri, nikapewa.

Nieleze kidogo, maana wengi hudhani kazi ni kununua bastola tu. Sheria ya hapa inataka iwe ndani ya ala, yaani mfuko wake wa kuvalia, na ifunikwe isionekane. Ukiivua, iingie kwenye kasha la chuma. Basi nikaenda duka moja la vifaa hivyo Kensington, pamoja na mteja wangu Mkongomani anayefanya kazi ya ulinzi. Akanizuia nisishike ala yoyote kwanza.

“Papa, anza na mukaba,” akasema, akimaanisha mkanda. “Mukaba njo kila kitu. Kama inalegea, utavuta suruali njia nzima, na mwizi atajua.”

Akanichagulia tochi ndogo ya mfukoni, kwa ajili ya siku za umeme kukatwa, na saa ya plastiki yenye mishale inayong'aa, nisiwe natoa simu barabarani kutazama wakati. “Saa mubaya njo saa muzuri,” akacheka.

Ala ndiyo iliyonitesa. Muuzaji, akiniita madala, yaani mzee, alisema, “Kaa kitini, madala, halafu inama kama unafunga viatu.” Hakujua kwamba mimi huinama kwa jambo jingine. Ala ya nyuma ya kiuno, nikirukuu shati linapanda na safu nzima inaona. Ya mbele, nikisujudu inanichoma tumbo. Nikivaa kanzu, inafunika kila kitu, lakini mpaka uipandishe kanzu mwizi ameshamaliza shughuli zake. Nikarudi kununua ya tatu, ya ubavuni, ya ngozi laini, nikadhani sasa nimetulia.

Sikutulia. Anayeswalisha huupa mlango mgongo. Zamani sikuwahi kuufikiria mlango ule. Siku hizi nasoma Fatiha huku masikio yako kwenye ngazi, nahesabu nyayo za wanaopanda, nasikiliza zipi ni za viatu na zipi za miguu mitupu.

Mwezi uliopita, katika Adhuhuri, mlango wa bati ulibamizwa nyuma yetu. Mkono wangu ulikwenda wenyewe chini ya shati, nikakata swala, nikageuka nimeshika mpini. Mlangoni alikuwa rafiki yangu wa tangu Tanga, nimwite Bakari, ameshika viatu vyake mkononi. Safu yote ilikuwa inanitazama usoni.

“Mwalimu, ni mimi,” akasema taratibu. “Upepo tu.”

Akapita mbele, akaswalisha yeye. Tulipokuwa tunashuka ngazi akaniuliza, “Hivi ulikuwa unatuswalisha au unatulinda?”

“Vyote viwili.”

“Na sisi tumeupa mlango mgongo, Mwalimu. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba takbira ya kwanza ni kuiacha dunia nyuma. Tukaiacha. Kumbe wewe umeivaa.”

Wenzangu wamekubaliana: Ramadhani hii niswalishe bila silaha, au nikae safuni kama wengine. Dukani siwezi kuiacha. Kasha liko nyumbani, na mwenye jengo hataki nitoboe ukuta kufunga jingine. Kwa hiyo ni kutoka nyumbani bila kitu. Nikamweleza mke wangu.

“Wewe bwana, waliokuwekea kisu walikuuliza kama una udhu?” akasema. “Siku utakayotoka bila hicho chuma, mimi nakata tiketi ya Tanga.”

Hasemi kwa hasira. Anasema huku ananikunjia shati, na ndiyo maana najua atakwenda.

Juzi nikamficha. Niliifungia bastola kashani, nikavaa mkanda na ala tupu ili asishuke moyo akinitazama ninatoka. Nikaenda kuswalisha. Hakuna aliyechelewa, hakukuwa na upepo. Lakini nilipokwenda sijda, kiwiko changu kiliibana ile ala tupu, kuificha isionekane, kana kwamba imejaa. Na nilipotoa salamu sikukumbuka nimesoma sura gani.

Kwa hiyo msinishauri aina ya ala, ninazo tatu. Nikimsikiliza mke wangu, nawapoteza watu niliosimama mbele yao miaka yote hii. Nikiwasikiliza wao, nitakuwa namdanganya kila asubuhi, au nitamkuta uwanja wa ndege. Na baada ya juzi, sijui tena kama chuma ndicho tatizo.

Bakari ananiambia mkeka wangu bado uko palepale mbele, hajamruhusu mtu kuusogeza. Ramadhani imekaribia. Ndugu zangu, na nyinyi kina mama mnaowasubiri waume zenu jioni, nishaurini: niukanyage mkeka ule, au niukunje?