Geimu ya Matofali Chumbani kwa Mzazi

Mtoto wangu wa kwanza hakufikisha arobaini. Wa pili alipozaliwa nilikuwa na jambo moja tu kichwani: huyu afike. Kila aliponyamaza nilimwekea kiganja kifuani nione kama anapumua, na nikimkuta anapumua niliona anapumua haraka mno, au polepole mno. Mume wangu alisema nitamchosha mtoto kwa kumshikashika. Rahisi kusema, yeye alikuwa anakwenda kazini.

Tulipanga vyumba viwili Temeke. Mama yangu alitoka Kunduchi kuja kunilea uzazi, maana kwetu mzazi hukaa ndani arobaini nzima, anakandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, anakunywa uji wa pilipili manga, na hagusi kazi. Mama alikuwa mwanamke mkavu. Alipofariki yule wa kwanza alinikataza kulia kwa sauti, akanikaza kanga tumboni, na baada ya matanga akarudi kwake kukaanga samaki. Tangu hapo hakumtaja hata mara moja. Mimi nami sikuthubutu kumtaja mbele yake.

Kilichokuwa kinanituliza ni kitu cha kuchekesha. Mdogo wake mume wangu, kijana aliyekuwa akisoma kozi ya kompyuta mjini, aliniletea geimu ya mkononi, ile ya kupanga matofali yanayoshuka. Aliinunua mtumba Kariakoo. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, na vitu ambavyo utotoni tulivisikia kwa mabaharia tu sasa vilimwagwa kwenye turubai barabarani. Nikicheza, mikono iliacha kutetemeka. Jicho moja lilikuwa kwa matofali, jingine kwa mtoto. Betri zilipoishiwa nguvu Mama alizianika juani juu ya bati, kama tulivyozoea kuanika za redio, na kweli zilifufuka kwa muda. Kisha zikavujia ndani, geimu ikafa, na hofu yangu ikarudi palepale.

Shemeji alinikuta nimekaa kitandani, nimeishika ile geimu iliyokufa, machozi yananitoka. Akadhani nalilia betri.

"Shemeji, hiyo si ishu," alisema kutoka mlangoni. "Kompyuta ya braza si ipo? Nitakuwekea humohumo."

Kompyuta yenyewe nayo ilikuwa mtumba. Mume wangu aliinunua akitaraji kufungua ofisi ya kuchapa, na kwa kuogopa wezi akaiweka chumbani kwetu, chumba pekee chenye nondo dirishani na kufuli mlangoni. Ilikaa mezani, karibu kabisa na kitanda. Kitaa chake cha mbele, cha kuonyesha kama imewaka, kilikuwa kimekufa tangu inunuliwe. Mama hakuipenda. Alisema kioo kikubwa namna ile chumbani kwa mzazi si kizuri, akakifunika kwa kitambaa chake cha kudarizi chenye mawaridi, na juu ya kitambaa akaweka nailoni ya kuzuia vumbi. Hakuna aliyemshangaa. Nyumba zetu zote redio ilivalishwa, televisheni ilivalishwa, na mwenye friji aliivalisha pia.

Siku ya pili yake mchana shemeji akaja na disketi kwenye mfuko wa shati.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Haya, fanya upesi, mzazi anataka kupumzika."

Mwanamume haingii hivihivi chumbani kwa mzazi, hata kama ni shemeji. Kwa hiyo Mama aliweka kigoda kati ya kitanda na meza, akakaa kama askari wa zamu, na mimi nikajifunika kanga gubigubi, nikabakiza macho. Shemeji akavua ile nailoni, akavua kitambaa, akawasha. Huku akigonga vitufe alitueleza kwamba anaweka programu inayoitwa emuleta. Hiyo inaifanya geimu iamini bado imo ndani ya kile kidude cha mkononi, kumbe imo ndani ya kompyuta. Geimu yenyewe ilikuwa kwenye disketi nyingine, imenakiliwa na mtu asiyemjua, wa nchi asiyoijua.

"Sasa hapo inamdanganya nani?" Mama aliuliza.

"Inaidanganya geimu, Mama."

"Haya," alisema, na ile haya yake ilikuwa na mengi ndani.

Disketi ya kwanza ilikwaruza, kompyuta ikakataa kuisoma. Shemeji akaipuliza, akaifuta kwa pindo la shati, akairudisha. Maandishi meupe yakaanza kupanda kwenye kioo cheusi, naye akiyasoma kwa sauti ya chini utadhani anasoma dua, na mimi nikiutazama mlango kwa sababu nilijua mume wangu hajaambiwa. Geimu ilipowaka mara ya kwanza ilitoa mlio mkali. Mtoto akashtuka, akarusha mikono yote miwili juu, mimi nikaruka nikamkumbatia. Mama alimkemea shemeji hadi akaikata kabisa sauti ya geimu. Mara ya pili matofali yalishuka mbio, hata jicho halikuyawahi. Akabadilisha kitu fulani, yakawa yanashuka kivivu kama yametumwa dukani. Mwisho yakakaa sawa. Akanipisha kwenye kiti, akanionyesha mishale ya kusogezea na kitufe kirefu cha kugeuzia. Nikacheza. Kwa muda mfupi sikuogopa chochote, na hata Mama alisogeza kigoda akawa ananielekeza: "Weka pale! Pale kwenye shimo!"

Wakati wa kuondoka shemeji alibonyeza kitufe cha kutokea kwenye geimu. Kioo kikawa cheusi tii.

"Tayari, imezima," alisema.

Haikuzima. Ile emuleta ilikuwa imeshindwa kukirudisha kioo katika hali yake, basi. Lakini kozi ya shemeji ilikuwa na mashine moja na wanafunzi wengi, hayo hakuyajua. Kitaa kilichokufa hakikuweza kutuambia, na pangaboi lilikuwa linapiga kelele darini hata usingesikia kompyuta inavyovuma. Mama akaivalisha upya, kitambaa kwanza, nailoni juu, akaibanabana pembeni isipeperuke.

Jioni tukaenda bafuni uani, nikakandwe. Mtoto tulimwacha amelala ndani ya chandarua, mlango tumeutia kufuli, maana nyumba ya kupanga ina wapitaji wengi. Ufunguo Mama aliufunga kwenye pindo la kanga yake, palipokaa siku zote funguo na chochote kingine cha thamani. Aliponichoma kwa taulo la pili nikasikia harufu.

"Nani anachoma nailoni saa hizi?" Mama alisema.

Tukatazamana. Nilikwenda na kanga iliyolowa, mzazi mzima, nikipita mbele ya wapangaji wanaume waliokaa wakinywa kahawa. Moshi ulikuwa unatokea chini ya mlango. Ndani kimya. Niliusukuma mlango kwa bega, niliupiga kwa viganja, nikamwita mtoto ambaye hata jina lake hakuwa amelijua.

Mama alifika akihema, akishika pindo. Fundo lilikuwa limelowa maji ya kukandia, limekaza. Vidole vyake havikulifungua. Akalivuta huku, akalivuta kule, likazidi kukaza. Nikapiga magoti nikaling'ata. Mpaka leo nikikumbuka nasikia ladha ya ile kanga mdomoni, chumvi na karafuu, na najua nilichokuwa nawaza: kwamba tumeshachelewa, kwamba nitaufungua mlango nimkute kama nilivyomkuta mwenzake. Kanga ikachanika kabla ya fundo kufunguka. Ufunguo ukaanguka.

Nailoni ilikuwa inadondoka matone mezani, mawaridi yote yamekuwa meusi, na pangaboi linauzungusha moshi chumba kizima. Nikakipasua chandarua. Mtoto alikuwa macho, ametulia, anatazama. Nikamnyakua. Tulipofika uani akapiga chafya, kisha akalia kilio ambacho sijapata kukisikia tena, na jirani yetu fundi cherehani akakimbilia swichi kubwa kukata umeme.

Kompyuta haikuwaka tena, na ofisi ya kuchapa ikaishia hapo. Mume wangu aliporudi alikitazama kioo kilichoungua, kisha akamtazama mtoto. Mtoto alifika arobaini akanyolewa. Siku hizi ana ndevu, na nikimsimulia ananiambia nilikuwa naogopa sana tu, kompyuta haishiki moto hivyo. Mwache aseme.

Lakini jioni ile, kabla mume wangu hajarudi, Mama alikuwa ameketi chini mchangani, kanga yake imechanika pindo. Wapangaji walikuwa wamejaa uani, kila mtu na lake. Yeye alikuwa anakunja na kukunjua lile pindo. Nilikwenda na mtoto, bado analia, nikaketi karibu yake.

"Mie ndiye niliyefunika," alisema. "Na ufunguo nikaufunga mie."

"Mama, hukujua."

"Silali, mwanangu. Tangu nimekuja silali. Ukisinzia mie naamka namsikiliza kama anapumua. Yule wa kwanza nilimwosha kwa mikono yangu. Sikutaka kumwosha na huyu."

Nilikuwa nimekaa naye chumba kimoja siku zote zile nikidhani naogopa peke yangu. Alinyoosha mikono nimpe mtoto, na mikono ilikuwa inatetemeka kuliko yangu. Watu wakasema nisimpe, atamwangusha. Nilimpa, nikapitisha mikono yangu chini ya yake, tukamshika pamoja mpaka aliponyamaza.