Koti la Ejoku

Methuselah Ojakol aliomba kazi ya naibu chifu mara tatu, na mara ya tatu alikuwa na miaka arobaini na sita. Mshindani wake, Austin, alikuwa na thelathini na nne. Naibu chifu akishaingia hukaa hadi astaafu akiwa na sitini. Kwa hiyo Austin akiipata, nafasi hiyo ingefunguka tena Ojakol akiwa na sabini na miwili. Watu wa nyumbani walimtania kwamba mtu mwenye jina kama lake anaweza kungoja.

Hakuweza. Kwa miaka kumi na minne alikuwa na meza pale Malaba mpakani, kando ya foleni ya trela, akiwajazia madereva fomu na kuwaandikia barua. Kisha fomu zikahamia kwenye simu. Meza ilibaki, na yeye akabaki nyuma yake, siku tatu, siku nne, bila mtu kusimama. Mkewe Adeke alichukua wasichana wao wawili akaenda kwa dada yake kule Busibwabo kulima vibarua. Hakuondoka kwa ugomvi. Alisema atarudi siku kutakapokuwa na kitu cha kurudia, na Ojakol alijua kitu hicho ni nini.

Chuo kikuu alikuwa amesoma historia, na tasnifu yake ilihusu utawala wa wafalme wa Uchina. Huko nako wanaume walizeeka wakifanya mitihani juu ya mafundisho ya Konfusio, wakitafuta kazi ya serikali. Wachache walipita. Wengi wa waliobaki walifundisha watoto wa watu, au waliketi sokoni wakiandikia wengine barua. Aliyasoma hayo akiwa na miaka ishirini na mitatu, kama mtu anavyosoma msiba wa mbali.

Asubuhi ya mahojiano kaka yake Ejoku alimletea koti. Ejoku ndiye aliyeuza mafahali wawili ili Ojakol asome. Koti lilinuka moshi, na mikono yake ilikuwa mifupi. Alimpakia kwenye pikipiki hadi ofisini, akakaa nje kumngoja.

Ndani walikuwa watu wanne. Mwenyekiti alikuwa mama mwenye miwani ambaye hakuwa wa huku, na pembeni alikaa mzee mmoja wa kata yao. Maswali ya kwanza yalikwenda vizuri, hata akaanza kumwona Adeke akishuka barabarani na mabegi. Ndipo mzee akapewa zamu.

"Ojakol, yuko mjane anaitwa Amuge. Jirani amesogeza mpaka hatua nne ndani ya shamba lake. Jirani huyo ni kaka yako. Wewe ukiwa naibu chifu, utafanya nini?"

Hakusema "tuseme". Haikuwa lazima. Mwezi wa tatu Ojakol mwenyewe alimwona Ejoku aking'oa mkonge wa mpaka na kuupanda upya ndani zaidi. Hakumwambia mtu. Mihogo ya zile hatua nne alikuwa ameshaila.

Jibu lililotakiwa alilijua. Sheria haina kaka. Austin angelisema bila kupepesa macho. Alifungua mdomo alitoe, akaona mikono yake ikichungulia kutoka kwenye koti la kaka yake.

"Kesi hiyo mimi siwezi kuisikiliza," alisema.

Akawaeleza. Konfusio alifundisha kwamba mwana mwema humfichia baba yake kosa, na baba humfichia mwana. Na watawala wa kule, kwa karne nyingi, walijua kwamba wema wa namna hiyo unaharibu baraza. Kwa hiyo hakimu hakupelekwa kamwe kwenye jimbo lake. Alitumwa mbali, kwa watu ambao hakuwahi kula chakula chao.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. "Kwa hivyo utamficha."

"Nitamficha, mzee. Ndiyo maana msinipe kesi hiyo."

"Sasa tukupeleke wapi, bwana?" mwenyekiti aliuliza. "Kwa Wachina?"

Walicheka, bila ubaya. Ojakol alisikia sauti yake ikimponyoka.

"Popote, madam. Hata Nambale. Nipeni watu nisiowajua, nitawafanyia haki."

Mama yule alivua miwani. Alimweleza polepole, kama anayempa mtu habari ya mgonjwa, kwamba kazi hii hupewa mwenyeji, na tangazo lilisema hivyo. Kisha akaandika neno moja, na kalamu haikukaa kwenye karatasi muda mrefu.

Nje Ejoku aliruka kutoka kwenye pikipiki. "Wamekuuliza nini?"

Ojakol alimtazama usoni, uso wa mtu aliyewauza mafahali.

"Wameniuliza habari za Uchina."

"Si ndiyo uliyosomea?" Ejoku alicheka hadi machozi. "Basi imeisha hiyo."

Ojakol alilivua koti, akalikunja, akampa. Ejoku alilirudisha mabegani mwa Ojakol kwa nguvu. Chifu hawezi kukosa koti, alisema.

Wakaondoka. Karibu na nyumbani walipita shamba la Amuge, na mjane alikuwa akipalilia kwenye kipande alichobakiwa nacho. Ejoku alipiga honi kumsalimu. Ojakol, nyuma ya mgongo wa kaka yake, aliinamisha kichwa. Mfukoni simu ilikuwa ikitetemeka, na aliiacha itetemeke, kwa kuwa ilikuwa saa nane, na Adeke alisema angepiga saa hiyo kuuliza kama amepata kazi.