Mwalimu Aliyechora Watu Waliopotea

Juzi nilirudi Nchelenge kumzika mwalimu wangu wa kuchora. Niliposhuka kwenye minibasi ya kutoka Mansa, hata ziwa sijaliona, ikanifikia harufu ya kisense, wale samaki wadogo wanaoanikwa mchangani. Ukilelewa na harufu ile, rafiki yangu, hata ukae mbali miaka mingi haikutoki. Nililia palepale, kati ya abiria na mizigo yao.

Tulivuka kutoka Kongo nikiwa mgongoni mwa nkambo, yaani mama yake mama. Mama alikuwa nyuma yetu na vyombo. Risasi zilipolia watu walitawanyika, na hatukumwona tena. Kwenye kambi ya wakimbizi tulilima mihogo, tukala bukari, yaani ugali wake, na sombe, majani yake, na kila jioni nkambo aliweka sahani ya mama pembeni, akaifunika. Hakuna aliyeigusa, hata siku za njaa.

Mwalimu naye alikuwa mkimbizi, mtu mrefu, mkimya, anayeishi peke yake. Karatasi zilikuwa chache, basi tulichora ukutani kwa makaa, kwa udongo mwekundu, kwa majani ya mihogo yaliyopondwa. "Angalia kwanza, mutoto," alikuwa anasema. "Mukono itafuata." Masomo yakiisha alipanda kinga yake, ndivyo tunavyoita baiskeli kwetu, akashika barabara ya kando ya ziwa. Mnyororo aliupaka mafuta ya mawese kutoka jikoni kwake. Penye matope aliibeba begani, na watu wakamcheka kwamba ameoa chuma.

Siku moja alituambia tuchore mama zetu. Wenzangu waliinama wakaanza. Mimi nilikaa tu. Akachutama karibu yangu.

"Kuko nini?"

"Sijue sura yake, mwalimu."

Jioni ile alikuja kwetu, akaketi mbele ya nkambo na karatasi.

"Mama, pua yake iko namna gani?"

"Sawa ya huyu mutoto. Lakini macho, hapana. Macho iko kubwa. Na kovu kidogo hapa, kwa shavu."

Alichora, akafuta, akachora tena, mpaka nkambo akajiziba mdomo kwa mkono. Ndivyo nilivyomwona mama yangu.

Mwalimu aliomba picha ile, akaifunga ndani ya plastiki. Shule zikifungwa aliizungusha kwa baiskeli: sokoni Nchelenge, kliniki ya Kafutuma penye wagonjwa wanaongoja dawa, hadi Chienge, akiwaonyesha wafanyabiashara wanaovuka mpaka na samaki. Wengine kambini waliposikia, nao wakamwomba awachoree watu wao. Mume wa jirani yetu alipatikana hivyo. Alirudi ameketi nyuma ya baiskeli, amemkumbatia mwalimu kiunoni, na kambi nzima ikatoka kwa vigelegele. Usiku ule nkambo alifagia uwanja wetu kana kwamba wageni wako njiani.

Kisha ikaja alasiri ambayo mwalimu alirudi kwa miguu, akiisukuma baiskeli isiyo na ubovu wowote. Nkambo alikuwa anatwanga mihogo. Alipomwona, mchi ukasimama.

"Sema tu, mwalimu."

"Mama, kule Chienge kuko mwanamuke mwenye kuuzisha samaki. Amemujua. Walikimbia pamoja. Alikufa kwa njia, na homa. Yeye ndiye alimuzika."

Nkambo hakulia. Aliinua mchi akaendelea kutwanga, unga ukawa laini kama vumbi, na bado akatwanga. Aliyelia ni mwalimu, ameketi chini, miguu ameinyoosha kama mtoto. Jioni hiyo sahani zilikuwa mbili tu, yangu na ya nkambo, na ya kwake haikuliwa. Mvua zilizofuata hazikumkuta hai.

Mwalimu hakuacha kuzunguka. Aliota mvi, kifua kikamsumbua, na wiki iliyopita walimkuta kando ya barabara ya Chienge, ameanguka na baiskeli yake, amekufa, picha za watu waliopotea zikiwa bado kwenye plastiki. Shuleni kuta zimepakwa chokaa. Somo la kuchora halipo tena.

Tulipotoka makaburini, mama mmoja alikuwa anangoja mlangoni kwa mwalimu, vumbi la safari hadi magotini.

"Nimeambiwa hapa kuko mwalimu mwenye kuchora watu benye kupotea. Natafuta binti yangu."

Nilimwambia tumetoka kumzika. Hakuondoka. Aliketi, akaanza kunieleza mimi: uso wa mviringo, meno ya mbele yameachana, shingo ndefu. Nikaokota kaa jikoni na karatasi moja ya mwalimu, nikajaribu.

Aliigeuzia mwanga. "Hapana, mama. Haiko yeye."

Nikafuta, nikajaribu tena.

"Haiko yeye."

Nilijaribu mpaka karatasi ikatoboka. Akanishika mkono, akaniondolea lile kaa vidoleni polepole. Kisha akajifunga kitenge vizuri, akauliza njia ya Chienge, akaondoka kwa miguu.