Kopi zilizoharibika za steshenari yangu zilivyonipa mtihani kwa baba mkwe

Wakuu, habari za majukumu.

Leo nimeamua kulitoa hili moyoni. Sijaongeza chumvi, na majina nimeyabadilisha kulinda faragha za watu, isipokuwa la MZEE YONA, ambaye mwenyewe amesema niliandike, tena kwa herufi kubwa.

Mimi nina steshenari hapa Lukozi, ukitoka Lushoto mjini unapandisha huku kwenye kabichi na karoti. Natoa kopi, nachapa barua, napiga picha za pasipoti. Ukijaza fomu yoyote huku juu, umepita mikononi mwangu.

Mashine yangu ya kopi ni mzee. Inameza karatasi, inatoa kopi nyeusi tii, mpaka ifike ya tatu au ya nne ndiyo inapata akili. Zile zilizoharibika sikuwa natupa. Nilikuwa naziweka kwenye boksi, jioni nampa Mama Salma anafungia maandazi. Na mimi napata andazi langu la bure. Nilijiona mtu wa mazingira kabisa.

Sasa kuna siku tuliitwa semina Lushoto, sisi tunaoshika karatasi za watu. Mada: ulinzi wa taarifa binafsi. Nitakuwa mkweli, nilifuata soda na chapati.

Mwezeshaji, dada mmoja mpole katoka Tanga, akauliza: "Kopi zilizoharibika mnazipeleka wapi?"

Nikanyoosha mkono. Nikasema kwangu hakuna kinachopotea, zote zinakwenda kwenye maandazi. Ukumbi ukacheka. Yule dada hakucheka, akaandika kitu kwenye daftari lake. Nikajua nimesifiwa.

Akaendelea kusema sheria ipo, taarifa ya mtu ni yake, wewe umeazimwa tu kwa kazi moja, ikiisha unairudisha au unaiharibu. Nikaitikia kwa kichwa huku natafuna.

Turudi Lukozi.

Kuna binti nampenda, tumwite N. Baba yake ni mzee wa kanisa, Mlutheri haswa, mrefu, ana mvi kichwa kizima na koti la kahawia halivuliwi hata jua likiwaka. Nyumba yake ina bati la bluu, ya kwanza kushoto ukipita mashine ya kusaga. Zaidi ya hapo sisemi, faragha ya mtu.

Nilikuwa nimepanga Jumapili mjomba wangu apeleke barua ya posa. Jumatano Baba N mwenyewe akaingia dukani anataka kopi ya kitambulisho. Wakuu, nilifuta kioo cha mashine kwa shati langu. Tatu zikaharibika kwa weusi pembeni, ya nne ikatoka safi, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Akasema, "Kijana una adabu." Sikulala vizuri kwa furaha.

Zile tatu zikaenda kwenye boksi kama kawaida.

Hapa lazima niwaeleze kitu. Huku kwetu shikamoo si mchezo. Na Mzee Yona, jirani wa Baba N, amemwamkia Baba N shikamoo kwa miaka thelathini. Sababu ni mvi tu. Baba N aliota mvi mapema, Yona akajua huyu kanizidi, akaanza kumwamkia. Baba N akaitikia marahaba. Hakudanganya mtu, ila pia hakukataa.

Alhamisi asubuhi Mzee Yona akanunua maandazi manne. Akala matatu, la nne akawa anakunjua karatasi. Akavaa miwani. Sura anaijua. Jina analijua. Mwaka wa kuzaliwa akausoma mara mbili, kisha akaenda nyumbani kuleta kitambulisho chake, akaviweka pamoja.

Yona ni mkubwa. Kwa miaka miwili na miezi.

Sasa sikieni ujinga wangu. Akaja dukani na ile karatasi yenye mafuta, anataka kopi tano. Mimi nikaona karatasi, nikaweka, nikabonyeza. Sikusoma hata mstari. Na siku hiyo mashine haikumeza hata moja, zote tano zilitoka zinang'aa.

Ijumaa wakakutana njiani mbele ya duka langu. Baba N akapunguza mwendo kama kawaida yake, anangoja. Yona naye kasimama.

"Vipi leo?" Baba N akauliza.

"Nasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Shikamoo yangu," Yona akasema. "Na zile za miaka thelathini tutapanga." Akamkabidhi kopi moja.

Baba N aliisoma, akaona alama ya mafuta ya andazi imetoka nayo kwenye kopi. Kisha akaangalia dukani kwangu. Nilijificha nyuma ya printa. Hapo ndipo chapati ya semina ilipoanza kunikaba, wiki nzima baadaye.

Jumapili mjomba akaenda. Barua ilipokelewa, haikufunguliwa. Baba N akaweka ile kopi juu yake, akasema: "Nikimpa huyu kijana binti yangu, mambo ya ndani ya nyumba yangu atafungia nini? Vitumbua?"

Mjomba akarudi kwangu na jibu.

Sharti likawa moja: karatasi zake zote zirudi, ndipo bahasha ifunguliwe.

Nikazunguka Lukozi nzima. Ya kwanza Mama Salma alishawashia jiko. Ya pili niliikuta kwa bodaboda mmoja, kaiweka chini ya siti kuzuia isipige kelele. Ya tatu na zile kopi tano zilikuwa kwa Mzee Yona, ukiacha ile aliyompa mwenzake, na Yona hakutaka chochote isipokuwa kuamkiwa. Mara moja tu, ila kwa heshima zote.

Nikapeleka ujumbe kwa Baba N. Akajipapasa mvi zake. Akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, "Hizo nywele sikuzipaka mimi." Wakuu, nilimhurumia. Mtu hajaiba, hajatukana. Alikuwa na kitu chake kidogo kinachompa heshima barabarani, nami nikakifungia andazi.

Jumatatu wakaja dukani wote wawili. Nikafunga mlango.

"Shikamoo," akasema Baba N, akiangalia mashine ya kopi.

"Sijasikia."

"Shikamoo, kaka Yona."

Yona akafumba macho kidogo. "Marahaba, mdogo wangu."

Kisha akatoa karatasi zote mwenyewe. Tukazichoma kwenye jiko la Mama Salma, tukihesabu. Wakakubaliana mbele za watu wasalimiane "onga mshi" tu, Kishambaa hakiulizi mtu mwaka wa kuzaliwa.

Jibu la posa lilikuja baada ya wiki. Bahasha imegandishwa kwa gundi, ikapigwa pini, na juu yake solotepu. Ameandika kwa mkono, hakutaka kuchapiwa kwangu. Amekubali.

Nilichojifunza: nilikuwa nadhani siri ni ya mtu mwenye makosa. Kumbe kila mtu ana mwaka wake wa kuzaliwa. Siku hizi kopi ikiharibika naichana vipande na kuchoma mbele ya mteja, na andazi nanunua.

Nimemwahidi baba mkwe kwamba hili halitatoka kinywani mwangu. Halijatoka, nimeandika tu.

Wenye steshenari na wenye wakwe wakali, tupeni uzoefu hapo chini.

NYONGEZA: Mods, naomba mfute huu uzi haraka. N amenipigia sasa hivi, anauliza ni nani mwingine Lukozi mwenye bati la bluu karibu na mashine ya kusaga. Anasema baba anasoma polepole, ndiyo kwanza amefika kwenye koti la kahawia.